Siku Bima Ilipouliza Habari za Nyumba ya Bi Rukia

Nimestaafu Jumatatu iliyopita, nikiwa na miaka kumi na saba. Aliyenistaafisha ni Mama. Alisema mtihani wa kidato cha nne hauulizi habari za bima, akanipokonya simu, na sherehe yangu ya kuagwa ikawa kuosha masufuria ya pilau. Basi ninyi wa kidato cha pili mnaoichukua kazi yangu, kaeni niwaeleze niliyoyaona, kabla sijasahau na kabla Mama hajagundua kwamba ninachoandika hapa si muhtasari wa Kemia.

Vyeo sitavitaja, maana sikupewa hata kimoja. Mshahara nao nitauruka. Ulikuwa mahamri, na Ijumaa mahamri na mbaazi.

Kituo cha watoto cha Wiyoni mnakijua, ile nyumba ya mabati yenye uwanja wa mchanga, ambako watu wenye kazi zao huwaacha watoto asubuhi na kuwachukua jioni. Walezi ni watatu. Mkubwa wao ni Bi Rukia, mtu wa Mkomani, wa nyumba za kale, ambaye hata akimfuta mtoto kamasi humfuta kwa adabu. Wa pili ni Mama Mwende, aliyekuja kisiwani kwetu Amu kutoka bara kumfuata mume mwashi. Mume akapata kazi nyingine mbali, na mke mwingine huko huko, Mama Mwende akabaki na chumba cha kupanga hapo Wiyoni. Wa tatu ni Saumu, msichana wa Siyu, mpole kiasi kwamba watoto ndio humwambia yeye anyamaze.

Niliingia kazini kwa sababu ya makalio ya mdogo wangu Imran. Nilikuwa nimekwenda kumchukua siku moja ya likizo ya Aprili, nikamkuta Bwana Athman uwanjani ameshika fremu ya miwani isiyo na kioo. Bwana Athman ni mhudumu wa afya wa mtaa. Hupita nyumba kwa nyumba na mkoba wake begani, anapima watoto, anauliza vyoo, anawaandikisha watu bima ya afya ya serikali. Siku hiyo alikuja kuwaandikisha walezi, akaivua miwani ajifute jasho, akaiweka kwenye mkeka, na Imran akaikalia.

Mama alipopata habari alisema hana pesa za miwani ila ana binti mwenye macho. Nikakabidhiwa kwa Bwana Athman nimsomee maswali ya kwenye simu mpaka apate miwani mingine. Alipata baada ya wiki tatu. Mimi sikuondoka, kwa sababu kufikia hapo nilishaona kwamba kazi hii inaniruhusu kumuuliza mtu mzima ana vyoo vingapi na yeye akalazimika kunijibu.

Siku ya kwanza alinipa mafunzo yote ya kazi kwa pumzi moja.

"Soma swali kama lilivyo. Usiongeze, usipunguze, na usimjibie mtu."

"Na akijibu uongo?"

"Wewe ni polisi?"

"Hapana, Bwana Athman."

"Basi soma."

Tulianza na Mama Mwende. Nikamsomea: ukuta wa nyumba yako ni wa nini? Akasema mabati. Sakafu? Simiti, ila imekwisha, andika mchanga. Mnatumia nini kupikia? Makaa, na makaa yakipanda bei natumia uvumilivu. Mna friji?

"Nina ndoo," akasema Mama Mwende. "Naiweka kivulini."

Nikamtazama Bwana Athman. Akasema niandike hakuna.

Mama Mwende alijibu maswali yote kama mtu anayerudisha chenji, mara moja na bila kuhesabu. Mwisho wake simu ikatoa kiasi atakachotozwa kwa mwaka. Kilikuwa cha chini kabisa, akakitazama, akasema hata hicho cha chini kabisa kiko juu yake, lakini angalau anakiona kilipo.

Saumu alitupa kesi ya aina nyingine. Ukijiandikisha, bima hutuma namba ya siri kwa ujumbe, nawe unatakiwa uiingize haraka kabla haijaisha nguvu. Laini ya Saumu ilikuwa imesajiliwa kwa jina la kaka yake, na kadi yenyewe ilikuwa kwenye simu ya kaka huyo, Siyu, na kaka huyo alikuwa shambani. Tukampigia mtu wa dukani, naye akamtuma mtu mwingine, na kaka akapatikana mahali penye mtandao. Namba ikamfikia. Yeye ni mtu mwenye staha, hawezi kuisoma namba kabla ya salamu. Akauliza hali ya dada yake, ya Bi Rukia, ya Bwana Athman, ya bahari huku kwetu, na alipomaliza namba ilikuwa imekufa zamani. Tulijaribu mara nne. Mara ya nne Saumu mwenyewe, yule mpole, alimwambia, "Kaka, sote ni wazima, soma." Tangu siku hiyo watoto wanamwogopa kidogo. Basi kazi yenu ya kwanza iwe hiyo: kabla hujagusa swali lolote, muulize mtu simu yake inaitikia kwa nani.

Sasa mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua, na wakati wote huo kuna jambo lilikuwa linanikereketa. Nikamuuliza Bwana Athman bima inataka nini na sakafu za watu.

Akanieleza tukitembea. Mwalimu, askari, nesi, hawa wana mshahara unaojulikana, kwa hiyo bima yao inakatwa hukohuko juu kabla hawajaiona. Mlezi kama Mama Mwende hana hati ya mshahara. Analipwa na wazazi, huyu leo, yule keshokutwa, mwingine analeta samaki. Kwa hiyo serikali inauliza habari za nyumba, halafu inakisia huyu mtu anaweza kulipa kiasi gani.

"Yaani nyumba ndiyo hati ya mshahara."

"Ndiyo."

"Na mwajiri wake ni nani?"

"Nani?"

"Mama Mwende. Akiumwa, nani anaambiwa?"

Bwana Athman akaniambia nitazame nisikanyage kinyesi cha punda. Jibu hilo nimelitafakari sana. Wazazi pale kituoni ni wengi, na kila mmoja anaamini mwajiri ni yule mwingine.

Kuanzia siku hiyo sikuweza kupita mtaani kwa amani. Nilikuwa naziangalia nyumba kama simu inavyoziangalia. Ukuta huu wa mawe, pesa. Paa lile la makuti, nafuu. Shangazi yangu aliponiambia amenunua friji nilimpa pole.

Sasa niwape kesi kubwa, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika haya.

Bi Rukia alikuwa na ngiri. Ilianza kama kijivimbe kitovuni, na kwa kazi yake ya kubeba watoto kutwa, mmoja kiunoni na mwingine akililia zamu, ikakua. Alikuwa akiifunga kwa leso, kwa mkazo, na akicheka anaishika kwa mkono. Daktari alimwambia mambo mawili, kwamba apasuliwe na kwamba mpaka hapo asibebe kitu kizito.

"Nisibebe?" alisema Bi Rukia. "Basi nifanye kazi gani, ukarani?"

Akaendelea kubeba. Daktari alikuwa amemwonya pia kwamba ngiri ikinasa, yaani ikitoka isirudi ndani, haingoji mtu kujipanga. Mama Mwende alikuwa akimnyang'anya watoto mikononi, Bi Rukia naye anawachukua tena mwenzake akigeuza mgongo. Upasuaji kwa pesa taslimu hakuna mtu pale aliyeweza hata kuuota. Tumaini lilikuwa bima.

Nikakaa naye kwenye mkeka, Bwana Athman pembeni, na miwani yake mipya akiwa ameishika mkononi, maana Imran alikuwa karibu.

Ukuta wa nyumba?

"Mawe," akasema Bi Rukia. "Mawe ya kale, si haya ya sasa."

Vyumba vingapi?

Akavihesabu. Akahesabu ndani, akahesabu misana yote miwili, zile kumbi ndefu za nyumba za kale, akahesabu chumba cha juu cha marehemu babake na kile kilichojengwa juu ya njia.

Maji mnapata wapi?

"Mayi tunayo nyumbani, alhamdulillahi."

Taa?

"Taa ziko kila chumba."

Vyoo?

"Viwili. Cha wageni mbali."

Mifugo?

"Punda wawili."

Kisha likaja lile swali la kuuliza kama katika siku za karibuni kuna siku mliyokosa chakula nyumbani. Nililisoma kama lilivyo, sikuongeza, sikupunguza. Bi Rukia akanitazama mpaka nikasikia aibu ya ukoo mzima.

"Mwanangu," akasema, "nyumbani kwetu mgeni haulizi hivyo. Andika tunakula."

Simu ikafikiri kidogo, ikatoa jibu. Kiasi alichotakiwa kulipa kilikuwa mara kadhaa ya kile cha Mama Mwende. Mama Mwende alikisoma juu ya bega langu, akapiga mluzi.

Bi Rukia yeye alitabasamu. Wallahi alitabasamu. "Waona," akamwambia Bwana Athman, "hata serikali yajua nyumba yetu."

"Inajua, Bi Rukia. Na inataka ulipe mwaka mzima kwa mkupuo."

Tabasamu likabaki pale pale usoni, ila macho yakaondoka. Akainuka, akambeba mtoto aliyekuwa halii.

Nilimfuata nyumbani kwake siku ya pili yake kwa kisingizio cha kupeleka sahani. Nilitaka kuiona hiyo nyumba kwa macho, si kwa majibu. Mlango wake wa nakshi mnaujua, watalii huupiga picha. Ndani, kweli, misana miwili, na zile zidaka za ukutani za kupangia vyombo, na vyombo havimo. Boriti moja ya dari imefungwa kamba. Ngazi ya kwenda chumba cha marehemu babake inapanda vizuri hadi juu, halafu unaona mbingu. Taa ziko kila chumba, amesema kweli, umeme ndio haupo, ulikatwa. Maji ni ya kisima cha uani, ya chumvi hata ukiyaonja unataka kumwita mchuuzi wa samaki. Punda ni wa mpwa wake anayebeba mchanga, wanakuja kulala tu. Nyumba yenyewe ni ya urithi, ya ndugu saba waliotawanyika Mombasa na Arabuni. Hawezi kuiuza, hawezi kuikarabati, anaweza kuilinda tu.

Hakuna neno alilosema uongo. Hilo ndilo lililonishangaza. Alikuwa amejibu kama watu wa Mkomani wanavyojibu wageni wa posa. Wakija watu kuulizia nyumba ya binti, huwaambii kwamba dari inavuja, unawaambia ina misana miwili. Tangu mdogo amefundishwa kwamba mtu wa nje akiuliza, nyumba haina upungufu. Na simu ni mtu wa nje kuliko wote.

Nilimweleza Bwana Athman. Akasema tathmini inaweza kuombwa upya, na kwamba atakuja mwenyewe, atamuuliza kwa upole. Akaja. Akamuuliza kwa upole mno, nusu saa ya upole. Bi Rukia akajibu vilevile, na safari hii akakumbuka kuongeza daka la mlangoni, lile lenye baraza za kukalia wageni.

Wiki hiyohiyo ngiri ikanasa. Alikuwa amemwinua Imran, wetu huyu huyu, mzito kama gunia, kumtoa kwenye beseni. Akamweka chini taratibu, akakaa, akawa wa rangi ya majivu, akaanza kutapika. Mama Mwende alimlaza, Saumu akawatoa watoto nje, mimi nikatumwa hospitalini nikamtafute Mama Baraka, nesi ambaye mwanawe analelewa pale pale kituoni. Akaja na sare yake. Wakampeleka hospitalini kwa mkokoteni, na daktari akafanikiwa kuirudisha kwa mkono. Akamwambia Bi Rukia kwamba amepata bahati, na kwamba bahati ya namna hiyo asiipangie bajeti.

Tulipomrudisha kituoni kupumzika, Bwana Athman alikuwa hapo anatungoja. Akatoa simu. Akasema, "Bi Rukia, tujaribu tena, kwa ajili ya Mungu."

"Wauliza yale yale?"

"Yale yale."

"Basi majibu ni yale yale."

Hapo Mama Mwende akaiweka chini sahani aliyokuwa anaifuta. "Niulize mimi," akasema.

"Ya nyumba yangu?" akauliza Bi Rukia. "Wewe waijuaje?"

"Kwako nimefika, na nimekula na wewe chakula cha mchana kila siku tangu nije kisiwa hiki. Unakula nusu na nusu unafunga unapeleka kwako. Unafikiri mimi nafikiri unampelekea paka?"

Nikaanza kusoma maswali, na sikujua nimtazame nani.

Vyumba vingapi?

"Vinavyolalika viwili," akasema Mama Mwende. "Cha juu kimeanguka."

Maji?

"Kisima. Ya chumvi. Ya kunywa anabeba kutoka hapa kwenye dumu, na hata dumu hatakiwi kubeba."

Taa?

"Koroboi."

Mifugo?

"Punda wa mpwa. Yeye ana mavi yao tu."

Bi Rukia alikuwa amegeuka anatazama dirishani. Nikafika kwenye lile swali la chakula. Sikutaka kulisoma. Bwana Athman akaniashiria nisome, nikasoma. Mama Mwende akajibu kwa sauti ya chini, kwamba ndiyo, ziko siku.

Bwana Athman akavua miwani. "Bi Rukia. Haya yaliyosemwa ni kweli?"

Bi Rukia hakugeuka. "Mwenye kusema ni yeye," akasema. "Mimi sikukanusha."

Nanyi mmehudhuria ndoa, mnajua. Bibi harusi akiulizwa radhi yake hajibu kwa kelele, kuna anayemsemea, naye hunyamaza, na kimya chake kinaandikwa. Bwana Athman aliandika kimya cha Bi Rukia vile vile. Simu ikafikiri, na safari hii ikatoa kiasi cha chini, sawa na cha Mama Mwende.

Baada ya hapo ile sheria ya Bwana Athman ya kutomjibia mtu tuliibadilisha, tena yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia tuibadilishe. Pale kituoni, na kwa walezi wa nyumbani tuliokuja kuwaandikisha baadaye, kila mmoja husemewa na mwenzake mbele yake. Mwenyewe anakaa, anasikiliza, akiona chumvi imezidi anakohoa. Jaribuni mtaona. Mtu anayeona haya kusema sina, rafiki yake haoni haya kumsemea.

Lakini kiasi cha chini bado ni kiasi, na mwaka mzima kwa mkupuo bado ni mkupuo. Kwa hiyo wazazi wakaitwa.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa kituo, watu wazima wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika masikioni. Mama Mwende akasema linalotakiwa: kila mzazi aongeze shilingi kumi juu ya malipo ya siku, ziingie kwenye mkebe wa bima ya walezi, na zikitimia alipiwe Bi Rukia kwanza, kisha Saumu, kisha yeye.

Aliyepinga wa kwanza alikuwa mama yangu mzazi.

"Mimi nauza nguo Langoni," akasema. "Bima yangu najilipia. Hakuna mteja anayeniongezea kumi. Kwa nini mimi nimlipie mwingine?"

Nilitamani mchanga unimeze, ila nikiri kwamba swali lilikuwa zuri. Hata mimi nilitaka kusikia jibu lake.

Mama Baraka, yule nesi, akainuka na kiti kikamfuata. Akakitoa. "Mama Imran, jana asubuhi ulifungua duka saa ngapi?"

"Mapema, kama kawaida."

"Na Imran alikuwa wapi?"

"Hapa."

"Mimi nilikuwa wodini. Baraka alikuwa hapa. Mshahara wangu unakatwa bima, na nimeweza kwenda kuupata huo mshahara kwa sababu huyu mama amemshika mtoto wangu. Mimi nina bima kwa mgongo wake, yeye hana. Wiki iliyopita nilimwona anatapika. Siku akianguka moja kwa moja, wewe utafunga duka, na mimi nitawaacha wagonjwa."

"Sijasema sitoi," akasema Mama. "Nimeuliza."

"Na mimi nimejibu."

Mzee mmoja akauliza kama samaki watakubaliwa mahali pa kumi. Mama Mwende akasema bima haina mahali pa kuweka samaki, lakini yeye anapo, amuuzie yeye kwanza. Wakacheka, na mkutano ukawa umekubali bila mtu kutangaza kwamba umekubali. Kwa kuwa ngiri haikuwa na nafasi ya kungoja mkebe ujae, wakaamua walipe ya miezi ya mbele siku hiyo hiyo au ndani ya wiki. Mama alilipa wa mwisho. Alilipa akinuna, na noti za mtu aliyenuna nazo hupokelewa.

Siku ya upasuaji nilikwenda kama mtaalamu, na daftari kwapani, kumbe mtaalamu hakuwa na la kufanya isipokuwa kushangaa. Mapokezi wana kimashine cha alama za vidole cha kuthibitisha kwamba wewe ndiye wewe. Bi Rukia akaweka kidole gumba. Mashine ikakataa. Akaweka cha shahada, ikakataa.

"Zanda zangu zimekwisha kwa sabuni," akamwambia karani. "Miaka yote hii nafua nepi, ulitaka zibaki na maua?"

Karani akasema hajui la kufanya. Mama Baraka, aliyekuwa zamu, akaleta kitambaa chenye maji ya moto na mafuta kidogo, akamsugua zile zanda, vidole vyake, kimoja baada ya kingine kama anayemkanda mtoto mchanga. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto ndicho kilichotuokoa. Mkienda na mlezi yeyote hospitalini, bebeni mafuta. Haya hawawaandikii popote.

Alipasuliwa salama. Mama Mwende na Saumu wakagawana watoto wake, mimi nikapewa Imran, ambaye nilikuwa naye tangu azaliwe na sijawahi kuona faida. Na Jumatatu, kama nilivyosema, Mama akachukua simu yangu.

Jumatano nilikwenda Mkomani kumtazama Bi Rukia. Nilikuta msana umejaa. Kwetu mgonjwa akirudi nyumbani, mtaa mzima wa wanawake huja, na kila mmoja huja na kitu kilichofunikwa. Yeye alikuwa amekaa kitandani, mito mgongoni, kanga mpya, anapokea salamu kama malkia. Boriti ya kamba ilikuwa juu ya vichwa vyetu na hakuna aliyeinua macho kuitazama. Ndiyo adabu.

Karibu naye alikuwa jirani yake, Bi Zena, wa nyumba ya pili yake, nayo ya mawe, nayo ya urithi, mlango wake nao hupigwa picha. Kahawa ilipozunguka Bi Zena akasema, "Upasuaji wa siku hizi ni ghali. Nadhani ndugu zako wa Mombasa wamekusimamia."

Alimfungulia mlango mzuri sana. Bi Rukia alihitaji kuitikia tu kwa kichwa, na mambo yangekwisha kwa heshima zote. Nilimwona akiutazama ule mlango.

"Hapana," akasema. "Nimetumia bima ya walezi. Waliuliza habari zangu, kikasemwa kilicho kweli. Yuu pameanguka, umeme umekatwa, nami nalea wana wa watu Wiyoni. Sina. Wakaandika sina."

Kijiko kiligonga kikombe mahali fulani, kikaacha. Mama mmoja akaanza kusifu halua. Wengine wakamfuata kwenye halua kwa furaha kubwa, wakaisifu mpaka ikaisha, wakaaga, wakavaa mabuibui yao, wakatoka mmoja mmoja.

Bi Zena ndiye aliyebaki. Nilimkuta dakani anatafuta kiatu chake, na kiatu kilikuwa mguuni.

"Mwanangu," akasema bila kunitazama, "wewe ndiwe wa simu?"

"Nimestaafu, Bi Zena. Tangu Jumatatu."

Akaketi kwenye baraza la daka, akaukunja ukaya wake, ule mtandio wa kichwani, magotini, akaunyoosha, akaukunja tena.

"Utastaafu kesho," akasema. "Yeo niitie Mama Mwende. Nami nataka mtu wa kunisemea."